Changamano za metali na bakteria: muundo upi hasa unaoua?

Anayefuatilia machapisho ya kemia kuhusu changamano za metali, yaani molekuli ambamo metali imeshikwa na makundi ya atomu yaitwayo ligandi, na uwezo wake wa kuzuia bakteria hukutana tena na tena na makala zenye mpangilio uleule. Ligandi mpya inatengenezwa, aghalabu besi ya Schiff, yaani molekuli yenye bondi pacha ya kaboni na nitrojeni. Inachanganywa na chumvi za shaba, kobalti, nikeli na zinki. Unga unaopatikana unapimwa kwa spektra na kuelezwa umbo lake. Kisha unapelekwa kwenye sahani zenye Escherichia coli na Staphylococcus aureus, na mwishowe msomaji anaambiwa kwamba changamano zina nguvu kuliko ligandi ikiwa peke yake. Hitimisho hilo huenda likawa kweli. Tatizo ni kwamba sehemu ya kwanza ya makala inaeleza unga mkavu, ilhali sehemu ya pili inaeleza kazi ya chochote kile kilichosalia baada ya unga huo kuyeyushwa, kutiwa katika mchuzi wenye chumvi na asidi amino, na kukaa humo usiku kucha katika nyuzi 35 za selsiasi. Ninavyoona, hakuna mtu anayeweza kudai uhusiano kati ya muundo wa changamano na uwezo wake wa kuua bakteria kabla ya kuonyesha metali ilikuwa katika umbo gani ilipomfikia bakteria huyo.

Jambo hili lina uzito kwa sababu haja ya dawa mpya ni ya kweli. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika mwaka 2019 pekee vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao. Takriban antibiotiki zote tunazozitegemea zimejengwa juu ya kaboni, na kaboni haizidishi bondi nne. Metali hufunguka zaidi: inaweza kushika ligandi mbili katika mstari mnyoofu, nne katika mraba bapa au katika tetrahedra (umbo lenye pembe nne), sita katika oktahedra (umbo lenye pembe sita), na kila mpangilio hutoa nyuso ambazo molekuli ya kaboni haiwezi kuzitoa kirahisi. Uwanja wenye utajiri wa namna hii unastahili ushahidi ulio imara kuliko ule unaotolewa sasa katika sehemu kubwa ya machapisho.

Kwamba mpangilio wa ligandi ni jambo halisi, wala si mchoro tu wa kumsaidia mwanafunzi, tulilijua kutoka kwa mwanakemia Alfred Werner. Mwaka 1893 alipendekeza kwamba ayoni ya kobalti huzungukwa na makundi sita yaliyo kwenye pembe za oktahedra, wakati ambapo hapakuwa na chombo chochote cha kuliona umbo hilo. Alichokuwa nacho ni hesabu ya isoma, yaani molekuli zenye atomu zilezile zilizopangwa kwa namna tofauti. Kampaundi ya kobalti yenye makundi manne ya aina moja na mawili ya aina nyingine ingetoa isoma tatu kama makundi hayo yangekaa kwenye heksagoni bapa, lakini hutoa mbili tu kama yamekaa kwenye oktahedra. Na maabara ilizipata mbili, ile yenye klorini zilizo jirani ikiwa na rangi ya zambarau na ile yenye klorini zinazokabiliana ikiwa ya kijani. Atomu zilezile, idadi ileile, rangi tofauti. Werner alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1913, na kila anayechora oktahedra katika makala ya leo anafuata nyayo zake.

Miaka sabini na miwili baada ya pendekezo hilo, bakteria wenyewe walithibitisha kwamba hutofautisha isoma. Barnett Rosenberg alikuwa akichunguza athari za mkondo wa umeme kwa E. coli, akitumia elektrodi za platini kwa imani kwamba platini haishiriki katika mmenyuko wowote. Bakteria waliacha kugawanyika lakini hawakuacha kukua. Walirefuka kama nyuzi, wengine wakafikia urefu wa mara 300 ya ule wa kawaida. Taarifa ya mwaka 1965 ilieleza kwamba haukuwa umeme uliofanya kazi hiyo. Platini ilikuwa imeyeyuka kidogo kutoka kwenye elektrodi, ikaungana na amonia na kloridi zilizokuwamo katika mchuzi, na kampaundi zilizozaliwa humo ndizo zilizozuia mgawanyiko. Katika uchunguzi uliofuata ilibainika kwamba makundi yanayofanana yanapaswa kuwa upande mmoja. Isoma ambayo makundi hayo yanakabiliana haikuleta athari ile. Kutoka hapo ikazaliwa sisplatini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1978 kwa matibabu ya saratani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba muundo ndio kila kitu, na kweli ni ushahidi mkubwa. Husahaulika, hata hivyo, kwamba sisplatini inayoingia kwenye mshipa siyo kitu kinachoshika DNA. Katika damu, ambamo kloridi ni takriban milimoli 100 kwa lita, molekuli hubaki na klorini zake mbili. Ndani ya seli, ambamo kloridi ni chache mara nyingi zaidi, maji huchukua nafasi ya klorini, molekuli inapata chaji, na ni umbo hilo jipya linalojishikiza kwenye nitrojeni za DNA. Mpangilio wa upande mmoja umehifadhiwa kwa sababu bondi za amonia hazikuvunjika. Kwa maneno mengine, tunaweza kusema kwa uhakika kwa nini isoma moja hufanya kazi na nyingine haifanyi kwa sababu tu watu walikubali kufuatilia hatua kwa hatua kipi kinavunjika, wapi, na kwa kasi gani. Makala nyingi za changamano dhidi ya bakteria hazina hatua hiyo.

Badala ya hatua hiyo huwekwa nadharia. Inayonukuliwa kuliko zote ni ile ya uchelati ya Tweedy, ya mwaka 1964, ikifungamanishwa na wazo la zamani zaidi la Overton kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupenya utando wa seli kwa urahisi. Ligandi inapoishika metali kwa atomu mbili au zaidi, nadharia inasema, chaji chanya ya metali hugawanywa na atomu hizo na kusambaa katika mzunguko mzima wa elektroni. Molekuli inapungua ukutubi, yaani mgawanyiko wa chaji kati ya sehemu zake, inakuwa rafiki wa mafuta, na hivyo inapenya utando wa bakteria kirahisi. Wazo lenyewe halina kasoro ya kimantiki. Ninacholipinga ni matumizi yake kama muhuri. Linaandikwa katika aya ya mwisho ya majadiliano ilhali mwandishi hakupima jinsi changamano yake inavyogawanyika kati ya maji na oktanoli (kiyeyushi kinachowakilisha mafuta), hakupima ni kiasi gani cha metali kimeingia ndani ya seli, na hakueleza kwa nini changamano ileile inayodaiwa kupenya mafuta inashindwa kumdhuru E. coli, ambaye ana utando wa nje wa ziada uliofunikwa na lipopolisakaridi, tena utando unaojulikana kwa kuzuia hasa molekuli zinazopenda mafuta. Nadharia inayokubali matokeo yoyote yale haijaeleza chochote.

Linganisha na kazi ya Adrien Albert na wenzake huko Australia katika miaka ya 1940 na 1950, ambayo kwa maoni yangu bado ni mfano bora wa jinsi swali hili linavyopaswa kuulizwa. Walishughulika na oksini, yaani hidroksikwinolini ambayo kundi la hidroksili limekaa kwenye nafasi ya nane, karibu kabisa na nitrojeni. Kuna isoma saba za hidroksikwinolini zenye kundi hilo kwenye nafasi mbalimbali za kaboni. Ni hii moja tu inayoweza kuikamata metali kwa oksijeni na nitrojeni kwa pamoja, na ni hii moja tu iliyoua bakteria. Hapo muundo umejaribiwa kwa kubadilisha kitu kimoja tu. Kisha wakaenda mbali zaidi: Staphylococcus aliyewekwa katika maji yaliyosafishwa hakufa kwa oksini ikiwa peke yake, bali alikufa ilipoongezwa chembe ya chuma. Na oksini ilipozidishwa sana kuliko chuma, uwezo wa kuua ulipungua badala ya kuongezeka. Albert alilieleza hilo kwa kusema kwamba umbo linalodhuru ndani ya seli ni lile ambalo chuma hakijajaa ligandi, na kwamba oksini inapozidi, chuma hujaa na kutulia. Tukifuata hoja ya kupenya mafuta peke yake, changamano iliyojaa ligandi, isiyo na chaji, ndiyo ingetarajiwa kuwa kali kuliko zote. Vipimo vilisema vinginevyo, na kwa kuwa vilifanyika, tunajua.

Turudi kwenye unga. Njia zinazotumiwa kuthibitisha umbo la changamano zina thamani, mradi zisidaiwe kusema zaidi ya zinachosema. Katika spektra ya infraredi, bondi ya kaboni na nitrojeni ya kundi la azomethini, lile la besi ya Schiff, huonekana karibu na namba-wimbi 1620 kwa sentimita, na ikisogea chini kwa 10 hadi 30 baada ya metali kuongezwa, ni haki kusema kwamba nitrojeni hiyo sasa imeishika metali. Momenti ya sumaku, inayoonyesha idadi ya elektroni zisizo na jozi, ikiwa sifuri kwa nikeli yenye chaji mbili, umbo la mraba bapa ndilo linalokubalika. Ikiwa karibu magnetoni 3 za Bohr, mraba bapa unaondolewa na oktahedra inapewa nafasi ya kwanza. Kwa shaba, momenti ya sumaku haisaidii sana, kwa sababu elektroni moja isiyo na jozi hutoa thamani zinazokaribiana katika maumbo yote, na bado nimesoma makala zisizo chache ambazo umbo la shaba linatangazwa kwa kutegemea kipimo hicho na mkanda mmoja mpana wa rangi. Fuwele na eksirei ndizo zinazomaliza ubishi. Lakini hata fuwele iliyopimwa vizuri kuliko zote inatuambia jinsi molekuli zilivyokaa katika mango, zikiwa zimebanana zenyewe kwa zenyewe, bila maji ya kutosha, bila kloridi, bila bakteria.

Kinachotokea baadaye kinategemea sana metali yenyewe, na hapa kuna elimu iliyokwisha kuandikwa vitabuni zamani ambayo waandishi wengi hawaitumii. Ayoni ya shaba yenye chaji mbili hubadilishana molekuli za maji zinazoizunguka mara bilioni kadhaa kwa sekunde. Nikeli hufanya hivyo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kromi yenye chaji tatu huchukua siku kadhaa kwa badiliko moja tu. Maana yake ni kwamba changamano ya shaba ikishawekwa katika mchuzi wa Mueller-Hinton wa kukuzia bakteria, uliojaa asidi amino zitokanazo na kasini (protini ya maziwa), itagombaniwa mara moja na histidini na nyinginezo, na mgombanio huo utaamuliwa na uthabiti wa bondi na wingi wa washindani. Na kwa kuwa shaba ndiyo iliyo kileleni mwa mfuatano wa Irving na Williams, unaopanga metali kwa uthabiti wa changamano zake, ni metali ambayo kila kitu chenye nitrojeni huitamani. Kiyeyushi nacho si shahidi asiye na upande. Dimethili salfoksaidi, maarufu maabarani kama DMSO, ambayo hutumika kuyeyushia karibu changamano zote kabla ya vipimo, ni ligandi kwa haki yake; huondoa klorini za sisplatini na za changamano nyingi za rutheni, na mtafiti aliyehifadhi stoku yake katika DMSO kwa wiki moja huenda anapima kampaundi ambayo hakuitengeneza.

Kuna pia suala la hesabu, na nitalikazia kwa sababu ni jambo dogo linalobomoa hitimisho kubwa. Tuchukue besi ya Schiff iliyo sahili, ile itokanayo na salisilaldehidi na anilini, yenye uzito wa gramu 197 kwa moli. Ligandi mbili kati ya hizo zikiishika shaba moja, changamano inakuwa na gramu 456 kwa moli. Tuseme kiwango cha chini cha kuzuia ukuaji ni mikrogramu 128 kwa mililita kwa ligandi na 64 kwa changamano, na mwandishi akatangaza kwamba uwezo umeongezeka maradufu. Kwa moli, ligandi iko kwenye mikromoli 649 kwa lita na changamano iko kwenye 140, yaani tofauti ni kubwa kuliko alivyosema. Lakini kila molekuli ya changamano imebeba ligandi mbili, kwa hiyo ligandi iliyomo ni mikromoli 281; na imebeba pia shaba, mikromoli 140, ambayo yenyewe inaweza kumdhuru bakteria. Ni kipi kati ya hivyo kilichozuia ukuaji? Jibu linahitaji mirija mingine mitatu tu: chumvi ya shaba peke yake kwa mikromoli 140, ligandi peke yake, na mchanganyiko wa ligandi na chumvi ya shaba ambao haukupitia usanisi wowote. Mchanganyiko huo ukifanya kazi sawasawa na changamano iliyosafishwa, basi changamano hiyo ni njia ya kupeleka shaba, jambo ambalo si baya hata kidogo, ila si lile lililodaiwa.

Tena, kipimo cha kuzuia ukuaji hufanywa kwa kupunguza dawa nusu kwa nusu: 128, 64, 32, 16. Hatua moja juu au chini huhesabiwa kuwa ndani ya mipaka ya kawaida ya kurudiwa kwa kipimo chenyewe. Tofauti ya 128 na 64 iliyosomwa mara moja, kwa hiyo, inaweza isiwe tofauti.

Na hicho ndicho kipimo kilicho bora. Sehemu kubwa ya machapisho hutegemea karatasi duara yenye kipenyo cha milimita 6 iliyoloweshwa dawa na kuwekwa juu ya agari (jeli ya kukuzia bakteria), kisha duara lisilo na bakteria linapimwa kwa rula. Njia hiyo, iliyosanifishwa mwaka 1966 na Bauer, Kirby na wenzao, ilikusudiwa kumsaidia daktari kujua kama bakteria wa mgonjwa anazuiwa na antibiotiki inayojulikana, ambayo tabia yake ya kusambaa katika agari imeshapimwa na kuwekewa viwango. Kuitumia kulinganisha changamano ngeni na ligandi yake ni kulinganisha vitu viwili vyenye chaji tofauti, ukubwa tofauti na uyeyukaji tofauti, kisha kuita tofauti ya kusambaa kuwa tofauti ya nguvu. Changamano isiyoyeyuka katika maji inaweza kubaki palepale kwenye karatasi ilhali ni kali. Nyingine dhaifu ikasambaa mbali. Milimita 18 dhidi ya milimita 14, kwa kampaundi za aina hii, hazitoshi kupanga nani mkubwa.

Nikisoma historia ya changamano zilizofaulu kweli, naona zinagawanyika katika makundi mawili, na naamini kila makala mpya inapaswa kusema inadai kuwa katika kundi lipi. Kundi la kwanza ni la changamano zinazofanya kazi kwa kuvunjika. Sulfadiazini ya fedha, iliyoletwa na Charles Fox mwaka 1968 kwa majeraha ya moto, ni polima ambamo ayoni za metali ya fedha zimefungwa kwenye nitrojeni za sulfadiazini. Haiyeyuki kirahisi, na hapo ndipo ilipo faida yake. Nitrati ya fedha huachia ayoni zote kwa mkupuo, nyingi zikanaswa na kloridi za jeraha. Polima huziachia kidogo kidogo. Auranofini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa ugonjwa wa baridi yabisi, ina dhahabu iliyoshikwa na salfa ya sukari upande mmoja na fosforasi upande wa pili, katika mstari mnyoofu. Sukari hung'oka, dhahabu ikajishikiza kwenye kimeng'enya cha thioredoksini reduktasi. Humzuia Staphylococcus aureus kwa kiasi cha chini ya mikrogramu 1 kwa mililita, na hushindwa mbele ya wengi wa bakteria wa Gram hasi, ambao wana utando wa nje na pia wana glutathioni, molekuli inayoweza kuziba pengo la kimeng'enya hicho. Hata Salvarsani ya Paul Ehrlich, iliyoingia sokoni mwaka 1910 dhidi ya kaswende, inaangukia huku ingawa arseniki ni nusu-metali: muundo ulioandikwa vitabuni kwa miongo mingi haukuwa sahihi, na ilikuwa mwaka 2005 ndipo ilipoonyeshwa kwamba ni mchanganyiko wa duara za arseniki tatu na tano, ambazo hutoa polepole umbo lililooksidishwa lenye kumdhuru kimelea. Dawa ilitibu kwa muundo usiojulikana. Hilo linawezekana kabisa. Kisichowezekana ni kueleza kwa nini ilitibu kwa kutumia muundo usio wake.

Kundi la pili ni la changamano zinazofanya kazi zikiwa nzima. Francis Dwyer na wenzake waliripoti mwaka 1952 kwamba changamano za rutheni zilizozungukwa na ligandi tatu za jamii ya fenanthrolini zina athari za kibiolojia, na baadaye zikaonyeshwa kuzuia hasa bakteria wa Gram chanya, wale wasio na utando wa nje. Bondi zake hazivunjiki kirahisi. Bakteria hapati rutheni tupu, bali mwili mzima wenye chaji chanya, bapa hapa na wenye mbavu pale, unaoweza kuvutwa na utando wenye chaji hasi na kushikana na DNA au RNA. Kwa kundi hili mtu ana haki ya kuzungumzia umbo, hata tofauti ya mkono wa kulia na wa kushoto wa isoma, kwa sababu umbo lililopo kwenye fuwele ndilo lililopo ndani ya seli. Watafiti waliofuata njia hiyo waliunganisha rutheni mbili kwa mnyororo wa kaboni na kuubadilisha urefu wa mnyororo huo hatua kwa hatua, wakaona uwezo wa kuzuia bakteria ukibadilika pamoja nao. Huo ndio uhusiano wa muundo na utendaji katika maana yake halisi.

Besi za Schiff za shaba, zinki na kobalti yenye chaji mbili, kwa wingi wake, zimo katika kundi la kwanza lakini huandikwa kana kwamba zimo katika la pili.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninaushuku uwanja mzima. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya mradi wa CO-ADD wa Chuo Kikuu cha Queensland, ambao hupima bila malipo kampaundi zinazotumwa na wanakemia kutoka popote duniani. Kati ya kampaundi 906 zenye metali, asilimia 9.9 zilizuia angalau kimelea kimoja bila kuonyesha sumu kwa seli za mamalia wala kupasua chembe nyekundu za damu. Kwa kampaundi za kaboni zisizo na metali, ambazo zilikuwa zaidi ya 295,000, zilizofaulu zilikuwa asilimia 0.87. Ni kweli kwamba wanaotuma kampaundi za metali wanaweza kuwa wamechagua zile wanazozitarajia mema, na kwamba maktaba za kampaundi za kaboni hujaa vitu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya bakteria. Hata nikipunguza kwa sababu hizo, pengo la mara kumi ni kubwa. Kinachonivutia zaidi ya asilimia zenyewe ni kwamba kila kampaundi ilipimwa kwa njia ileile, kwenye mchuzi, pamoja na sumu yake kwa seli za binadamu. Ndiyo maana namba hizo zinaweza kulinganishwa.

Kipimo cha sumu si pambo. Shaba inayoharibu vishada vya chuma na salfa katika vimeng'enya vya bakteria haina sababu ya kuviacha vishada kama hivyo katika mitokondria zetu, na kampaundi inayopasua utando wa Staphylococcus inaweza kupasua chembe nyekundu vilevile. Makala inayotoa kiwango cha kuzuia bakteria bila kutoa kiwango kinachoua seli za binadamu haijasema kama imepata dawa au imepata dawa ya kusafishia sakafu. Vivyo hivyo madai kwamba bakteria hawawezi kujenga usugu dhidi ya metali, yanayojitokeza hasa katika utangulizi wa makala, hayana msingi. Mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella aliyestahimili nitrati ya fedha katika wodi ya majeraha ya moto huko Massachusetts, na jeni za ustahimilivu huo zilikuwa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, tayari kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. E. coli wa kawaida ana pampu ya kutoa shaba nje ya seli. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za kustahimili metali pamoja na jeni za kustahimili antibiotiki, hivyo matumizi holela ya metali yakawalea pia bakteria sugu kwa antibiotiki.

Mfano ninaoutaja kila ninapoulizwa jinsi muundo na utendaji vinavyoweza kukutana ni wa bismuthi. Chumvi zake zimetumika kwa miongo mingi kwa maradhi ya tumbo, na zimo katika matibabu ya Helicobacter pylori pamoja na antibiotiki. Mwaka 2018 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwamba bismuthi ya sitrati huzima kimeng'enya cha NDM-1, ambacho bakteria sugu hukitumia kuvunja antibiotiki za jamii ya karbapenemu. Kimeng'enya hicho hutegemea ayoni mbili za zinki. Fuwele ilipopimwa kwa eksirei, mahali zilipokuwa zinki mbili palikutwa bismuthi moja. Zinki zilizotolewa zilipimwa. Kisha meropenemu ikarudishiwa uwezo wake dhidi ya bakteria wenye kimeng'enya hicho, katika mirija na katika panya walioambukizwa. Muundo ulioelezwa hapo ni wa metali ikiwa imefika ilikokwenda, ikiwa ndani ya shabaha yake, na kila hatua kati ya chupa na shabaha ina kipimo chake.

Si kila maabara ina uwezo wa kukuza fuwele za protini, na sitarajii mwanafunzi wa shahada ya pili apewe mzigo huo. Lakini mashine ya kupima mwanga unaoonekana na urujuanimno, ambayo tayari imetumika katika makala ileile kuthibitisha umbo la changamano katika kiyeyushi, inaweza kupima changamano hiyohiyo katika mchuzi wa kukuzia bakteria mara tu inapotiwa, kisha baada ya saa 2, na tena baada ya saa 24, huku mchuzi mtupu ukiwa rejeo. Mkanda wa rangi wa shaba au kobalti ukihama au ukitoweka, mwandishi atajua kwamba kilichokutana na bakteria si alichokichora, na atabadilisha aya yake ya majadiliano kabla ya kuituma. Wahariri na wasimamizi wa tasnifu wana mamlaka ya kudai spektra hiyo leo hii, pamoja na mrija wa chumvi ya metali peke yake na namba zilizoandikwa kwa mikromoli, na sioni sababu ya makala yoyote ya aina hii kupitishwa bila vitu hivyo vitatu.